Battlefield 1: vita ya 1914 bila Tabora



Mwisho wa 2016, kila fasi vijana walipokusanyika mbele ya televisheni na manette mu mukono, kulikuwa jina moja tu: Battlefield 1. Muchezo huo ulitoka tarehe 21 Oktoba 2016, kwa PlayStation 4, kwa Xbox One na kwa kompyuta. Wenye kuutengeneza ni DICE, kampuni ya Stockholm kule Uswidi; wenye kuuuzisha ni Electronic Arts wa Marekani. Ni muchezo wa kupiga risasi wa ile aina ambayo macho yako ni macho ya askari mwenyewe: mwili wako hauuone, sura yako hauione, unaona tu mikono yako na bunduki mbele. Na vita yenyewe, mara hii, haiko ya Hitler wala ya magaidi wa kesho. Ni Vita Kuu ya kwanza, ile ya 1914 mpaka 1918.

Nimemaliza sehemu ya hadithi yote, na ile ya kucheza na watu wengi nimeicheza kila mara connexion iliponiruhusu. Niko na mambo mawili ya kusema. La kwanza ni fupi: ni muchezo muzuri kabisa, mumoja wa mizuri ya mwaka 2016. La pili njo litaomba nafasi kubwa. Muchezo huu ulitoka mwezi moja na siku mbili nyuma ya kutimia miaka 100 ya Tabora, na ndani yake Tabora haiko. Hakuna Ziwa Tanganyika, hakuna Force Publique, hakuna hata musoda mumoja wa Congo. Mutu anaweza kujibu kwamba hawakuweza kutia kila kitu mu diski moja, na ni kweli. Lakini kadiri nilivyoendelea kucheza, niliona shida haiko ya kusahau tu. Vita ya 1914-1918 ya huku kwetu ilifanywa zaidi na watu ambao mikono yao haikushika bunduki. Na muchezo wa aina hii, bila bunduki mbele ya macho, hauone kitu.

Tuanze na uzuri, juu wenye kuponda bila kucheza tayari wako wengi.

Unapofungua muchezo, haukuulizi hata unataka kufanya nini. Unajikuta Ufaransa, mwaka 1918, mu matope, usiku, kati ya askari Weusi wa Marekani wa regimenti ya 369, wale walioitwa Harlem Hellfighters. Maandishi yanakuonya mapema kwamba haudhaniwi kutoka muzima. Wajerumani wanakuja, unapiga, wanakuja tena, risasi zinaisha, unaanguka. Mu michezo mingine ungerudia pale pale, kama hakuna kilichofanyika. Hapa jina la mutu uliyekuwa linatokea ku ekrani, pamoja na mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Kisha macho yanaruka juu ya uwanja, yanashuka ndani ya mutu mwingine: huyu eko nyuma ya bunduki ya rashasha, yule eko ndani ya kifaru cha vita. Naye anakufa. Jina lingine. Sijawahi kuona muchezo wa kupiga risasi unaoanza kwa kukulazimisha ushindwe, tena mara kwa mara, na kila kushindwa kukiwa na jina lake.

Na hao Hellfighters hawakuvumbuliwa. Jeshi la Marekani halikutaka wapigane bega kwa bega na askari wazungu, likawapa Wafaransa. Walipigana chini ya wakubwa Wafaransa, na kofia ya chuma ya Kifaransa, na bunduki ya Kifaransa, na walikaa siku 191 ku mustari wa mbele. Ku jalada la muchezo wameweka picha ya askari Mweusi. Kuko watu ku intaneti waliolia kwamba hiyo ni kuharibu historia, kwamba vita ile ilikuwa ya wazungu. Wale walinichekesha, halafu walinikasirisha.

Ile sehemu ya hadithi iko na visa vitano vifupi zaidi ya huo mwanzo: Mwingereza anayeendesha kifaru, Mumarekani mwongo mwenye kurusha ndege isiyo yake, Mwitalia anayetafuta ndugu yake mu milima, muzee wa Australia kule Gallipoli, na Zara, mwanamuke wa Kibeduwi anayepigana na Waturuki mu jangwa la Uarabuni pamoja na Lawrence. Kisa cha Zara njo nilikipenda zaidi, juu kinakuacha utambae, ungoje, uchague njia. Vyote pamoja unavimaliza mu saa sita hivi. Ni vifupi, na vingine vinakatika wakati unaanza kumujua mutu.

Kucheza na wengi ni jambo lingine. Watu 64 mu uwanja mumoja. Ukungu unashuka katikati ya mapigano, na mutu aliyekuwa anakulenga kwa mbali hakuoni tena. Kengele ya gesi inalia na unatafuta kinyago kwa haraka. Kuko wakati upande unaoshindwa unapewa puto kubwa la vita, zeppelin yenyewe, na likipigwa linaanguka polepole likiwaka, na pande zote mbili zinakimbia pamoja. Sauti peke yake inatosha kukufanya uiname ku kiti.

Lakini ukiwa umesoma historia, kuko mambo yanayokuchoma. Kila mutu anakimbia na bunduki yenye kupiga mfululizo, wakati askari wengi wa kweli walikuwa na bunduki ya kuvuta chuma nyuma ya kila risasi. DICE walifanya hivyo juu ya mwendo. Muchezo wa kungoja hauuziki. Tena, wakati muchezo ulitoka, Wafaransa hawakuwako! Vita iliyoua Wafaransa zaidi ya milioni moja, iliyopiganwa kwa sehemu kubwa ku udongo wao, na haukuweza kuvaa uniforme yao. Wafaransa walikuja baadaye, mu 2017, na Warusi pia, kwa kulipa tena. Hapo tayari unaona: mu michezo hii, nafasi mu historia inafuata bei.

Na hii vita yenyewe ilingoja sana kupata muchezo mukubwa. Aina hii ya muchezo ilipata umbo lake na Wolfenstein 3D mu 1992 na Doom mu 1993. Mu 1999 Medal of Honor, wazo la Steven Spielberg, ikaipeleka mu Vita ya pili, na nyuma yake Battlefield 1942 mu 2002 na Call of Duty mu 2003 zikabaki kule kule. Sababu inaeleweka: Vita ya pili iko na adui anayejulikana na majeshi yanayotembea. Ya kwanza iko na mahandaki, panya na kungoja. Mu 2015 kikundi cha Waholanzi kilileta muchezo unaoitwa Verdun, ambamo risasi moja inakuua na unangoja kweli. Mu 2014 Ubisoft ya Montpellier ilileta Valiant Hearts, muchezo wa michoro ambamo karibu haupigi risasi kabisa. Nitarudi kwa huo.

Sasa tuje kwetu. Nitasimulia, juu ku sekondari wengi wetu tulifundishwa Sarajevo, Marne, Verdun, kisha mwalimu aliruka mpaka 1939.

Agosti 1914, Wajerumani walikuwa ng'ambo ya maziwa yetu: Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa koloni lao. Wakubwa wa Ubelgiji walitumaini kwamba Congo itaachwa pembeni ya vita, kufuatana na mapatano ya Berlin ya 1885. Haikudumu. Mwezi ule ule boti ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ilikuja mpaka Lukuga, pale tunaita leo Kalemie, ikaipiga mizinga boti ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Mwezi uliofuata Wajerumani walishika kisiwa cha Idjwi. Ndiyo, Idjwi, ile yenye mananasi. Mutoto wa Bukavu anayecheza Battlefield 1 akidhani vita ile ilikuwa mbali anaweza kupanda juu kidogo ku mulima na kuangalia fasi ilipofika.

Ziwa Tanganyika likabaki ya Wajerumani juu walikuwa na boti. Hapo Waingereza wakafikiri jambo ambalo, kama si historia, ungesema ni mutu wa kutengeneza michezo aliyevuta bangi. Walichukua boti mbili ndogo za mbao, kila moja ya metre 12 hivi, wakaziita Mimi na Toutou, majina ambayo mu Kifaransa watoto wanaita paka na mbwa. Mukubwa wao, Geoffrey Spicer-Simson, alipenda kuvaa sketi. Boti zikapanda meli London mpaka Cape Town, zikapanda treni mpaka Elisabethville na Fungurume. Kutoka Fungurume hakukuwa tena reli. Ilibaki milima ya Mitumba.

Mimi na Toutou zilivuka Mitumba zikivutwa na mashine za mvuke na ng'ombe. Njia haikuwako, ilikatwa mu pori. Madaraja hayakuwako; yalijengwa kwa miti. Mashine za mvuke zinakunywa maji mingi, na ule ulikuwa wakati wa ukavu, basi watu wa vijiji walibeba maji ku kichwa ili mashine iendelee mbele kidogo. Kisha reli ndogo mpaka Bukama, kisha mutoni Lualaba, kisha Kabalo, kisha treni tena mpaka Lukuga. Zilikuwa Cape Town mwanzo wa Julai 1915. Zilifika ziwani mwisho wa Oktoba. Tarehe 26 Desemba zikaiteka boti ya Wajerumani Kingani. Mapigano yenyewe yalikuwa ya dakika chache. Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazama.

Angalia vizuri hesabu hiyo, juu njo yote ninayotaka kusema: dakika chache za mizinga, miezi karibu ine ya kubeba. Mupe hadithi hii mutengenezaji yeyote wa michezo ya kupiga risasi, atachukua zile dakika. Atakuweka nyuma ya muzinga wa Mimi, atakupa mawimbi na moshi, utafurahi, na utaamini umeona vita ya Ziwa Tanganyika. Watu waliokata njia ya Mitumba watakuwa maandishi mafupi wakati muchezo unafunguka, yale tunayoruka kwa kufinya kifungo.

Tabora ni hivyo hivyo, kwa kipimo kikubwa. Aprili 1916 jenerali Charles Tombeur aliingiza Force Publique mu koloni la Wajerumani kwa njia mbili. Kolonel Molitor alipita kaskazini, Kigali ikaanguka tarehe 6 Mei. Olsen, ofisa kutoka Danemark, alipita kusini, Usumbura ikaanguka Juni, na mwisho wa Julai walikuwa Kigoma. Kisha brigade zote mbili zikageukia Tabora, muji mukubwa wa katikati ku reli, ambamo jenerali Wahle alingoja. Kule Lulanguru na Itaga, karibu na muji, wasoda wetu walikufa wengi. Wahle akaondoka usiku, na tarehe 19 Septemba 1916 Force Publique ikaingia Tabora. Tombeur akawa baadaye baron Tombeur wa Tabora. Bruxelles wakapata barabara inayoitwa Rue de Tabora, karibu na Bourse. Kuko kabare ya zamani pale na watu wanakunywa bia bila kujiuliza jina linatoka wapi.

Wasoda walikuwa karibu 12.000. Wengi walikuwa wameanza vita na bunduki Albini: risasi moja, unafungua, unatia ingine. Jaribu kufikiri Battlefield 1 na Albini. Ungekufa kila sekunde kumi. Tena wasitengenezwe malaika. Force Publique ilizaliwa wakati wa Léopold, na tunajua kazi iliyofanya mu kaucho. Ku njia ya Tabora walichukua chakula cha watu, ng'ombe wa watu, na wanawake. Mutu wa Burundi au wa Rwanda akihadisiwa 1916 na nyanya yake, hahadisiwi ushindi.

Lakini nyuma ya kila musoda kulikuwa na mupagazi, tena si mumoja. Wanahistoria wanataja karibu 260.000 ya wapagazi waliochukuliwa Congo wakati wa vita ile. Kwa nini wengi hivyo? Fanya hesabu pamoja nami, haiombi diploma ya polytechnique. Gari karibu hakuna, na mbung'o inaua farasi na ng'ombe. Basi chakula kinapita ku kichwa cha mutu. Mutu anabeba kilo 25. Naye anakula, tuseme kilo moja kwa siku. Kama jeshi liko mwendo wa siku kumi mbele, anakula kilo kumi akienda na kilo kumi akirudi. Kati ya 25, zinafika kilo tano. Jeshi likienda mbele siku mbili na nusu zaidi, hakifiki kitu: mupagazi amekula muzigo wote. Ili asonge mbele kuliko hapo, sharti kuwe wapagazi wa kubebea wapagazi, ao mutu apewe chakula kidogo kuliko kile mwili unaomba. Mara nyingi ilikuwa hiyo ya pili.

Walikufa na kuhara, na mapafu, na njaa. Watu wa bonde lenye joto walipandishwa milima ya Rwanda na kitambaa kimoja ku mwili, wakafa na baridi. Upande wa Waingereza, waliochukua karibu milioni moja ya wapagazi, vifo vilivyoandikwa vinapita 90.000, na kuko vingine ambavyo hakuna aliyeviandika. Jina la Kiingereza la jeshi lile la wapagazi likageuka mu kinywa cha watu kuwa Kariakoo, ile soko ya Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi. Ukienda kununua viatu Kariakoo, unatembea juu ya jina lao.

Sasa rudi mbele ya televisheni. Muchezo wa kupiga risasi kwa jicho la askari uko na sheria moja: katikati ya ekrani kuko alama ya kulenga, na chini yake mikono yenye bunduki. Kila kitu kinachoonekana kinaonekana juu kinaweza kupigwa ao kukupiga. Mupagazi hawezi kuwa pale. Mikono yake iko juu, inashika muzigo. Macho yake yanaangalia visigino vya mutu wa mbele. Hakuna wa kulenga. Adui wake ni mulima, na tumbo lake mwenyewe. DICE hawakumufukuza. Umbo la muchezo halina nafasi yake, sawa vile picha ya pasiporo haina nafasi ya miguu.

Kuko tena ile sindano. Mu Battlefield 1, mwenzako akianguka, muganga anakuja mbio, anamudunga, na mwenzako anasimama na kukimbia. Nimefufuliwa hivyo labda mara mia. Ninaelewa: bila sindano muchezo ungesimama. Lakini mu vita ya huku kwetu ugonjwa uliua kuliko risasi, na dawa ilifika ku kichwa cha mupagazi, nyuma ya risasi, kama ilifika. Na waliobaki vijijini hawakupona. Rwanda iliingia mu njaa ya Rumanura, tangu 1916 mpaka 1918. Ugogo, katikati ya Tanzania, ilipata njaa ambayo Wagogo waliita Mtunya. Majeshi yote matatu, ya Wajerumani, ya Waingereza na ya Wabelgiji, yalikuwa yamekula mashamba. Huwezi kufinya kifungo juu ya njaa.

Nasikia tayari wadogo zangu: "Grand, ni jeu tu. Nani atanunua muchezo wa kubeba mizigo?" Bon. Valiant Hearts niliyotaja ilinunuliwa na ikapendwa, na ndani yake unatibu waliojeruhiwa, unachimba, unatafuta njia. Mwaka ule ule wa 2014, Wapoland wa 11 bit walitoa This War of Mine, ambamo hauko askari hata kidogo: uko raia mu muji uliozingirwa, unatafuta chakula, dawa na mbao za moto, na waliangalia sana mambo ya Sarajevo wakiitengeneza. Watu walilipa pesa ili waone njaa kwa karibu. Na DICE wenyewe, mu zile dakika za mwanzo na Harlem Hellfighters, wameonyesha kwamba wanajua kuvunja sheria yao: kukuua, kukupa jina, kukuhamisha. Ufundi wako nao. Hebu fikiri mwanzo kama ule ku njia ya kwenda Tabora: uko na muzigo, unasikia mizinga mbali, hauione. Unaanguka. Unahamishwa ndani ya mutu wa nyuma yako, na sasa uko na mizigo miwili.

Je, ninataka basi Tabora iwe uwanja wa kucheza, watu 64, na Albini na zeppelin? Kusema kweli, hapana. Ninawaza kijana wa Seattle ao wa Lyon anayejisifu kwamba amepiga wapinzani 30 kule Itaga kabla ya kwenda kulala, na sifurahi. Wakubwa wengine wa hii page wataniambia hilo ni afazali kuliko kusahauliwa. Sikubaliane nao. Muchezo ukichukua Tabora kwa jicho la bunduki utafundisha vijana wetu kwamba vita ile ilikuwa ya wenye bunduki, na hapo mupagazi atafutwa mara ya pili, safari hii na sisi wenyewe tukipiga makofi. Na hii si mambo ya makumbusho. Mu Kivu, mu Ituri, mpaka leo, mulimaji anakutana na watu wenye silaha ku njia ya shamba na analazimishwa kubeba mizigo yao mpaka porini. Wengine hawarudi. Mutu huyo hayuko mu muchezo wowote, na mu habari za redio anapita mu neno moja, "raia".

Kwa sisi wenye kusoma kuko mutu mumoja wa vita ile ambaye ningependa ajulikane mbele ya majenerali. Paul Panda Farnana alizaliwa 1888 karibu na Moanda, akasomea kilimo kule Vilvoorde, na anahesabiwa kama Mukongomani wa kwanza kupata diploma ya masomo ya juu Ubelgiji. Agosti 1914 alikuwa Ulaya. Alijiandikisha mu kikosi cha wajitoleaji wa Congo, akapelekwa kulinda Namur, na Namur ikaanguka mwezi ule ule. Panda akakamatwa. Alishika bunduki siku chache. Kilichobaki cha vita, miaka mine, alikipitisha gerezani ya Wajerumani. Nyuma ya vita, mu 1919, alianzisha Union Congolaise mu Bruxelles, na akaanza kuuliza Wabelgiji mbele ya watu swali ambalo halikuwafurahisha: wasoda waliokufa kwa ajili yenu, muliwapa nini? Ubelgiji ilikuwa imepata Ruanda-Urundi. Wapagazi walikuwa wamerudi vijijini, wale waliorudi.

Mwenzake wa kifungo, Albert Kudjabo, mu 1917 aliwekwa na wataalamu Wajerumani mbele ya mashine ya kurekodi sauti. Rekodi ziko Berlin mpaka leo, mu arshive ya sauti ya université ya Humboldt. Kwa wapagazi 260.000 tuko na namba. Kwa Kudjabo tuko na sauti, juu mufungaji wake alipenda kukusanya sauti.

Wafaransa walikuja mu Battlefield 1 mu 2017, na mimi nilicheza, musinicheke. Kwa sasa: mu familia nyingi za Maniema, za Katanga, za Kivu, kuko tate ao babu wa babu ambaye watu wanasema "alienda ku Tabora" bila kueleza kama alienda na bunduki ao na muzigo. Wenye kuwa na jina, waliandike hapa chini, pamoja na kijiji alichotoka, na kama alirudi.